Ndumilakuwili anafungiwa karanga!

Ndugu zangu wa Tabora, hapa walipita wapagazi na pembe za ndovu, Ujiji hadi Bagamoyo. Mwaka 1912 reli ikafika, na kwa reli hiyo gazeti la Sani likatufikia kutoka Dar es Salaam. Leo nakala zake zinafungiwa karanga!

Nasema tuzikusanye. Kabla ya 1992, enzi za chama kimoja, nani alithubutu kumwandika mkubwa? Lakini Ndumilakuwili alichorwa, na kila msomaji akamtambua wa mtaani kwake. Hata Uhuru, gazeti la chama chenyewe, lilikuwa na Chakubanga wake.

Philip Ndunguru, mchoraji hodari wa Sani, alifariki 1986. Hachori tena. Mwenye sanduku la marehemu babu alifungue, mchwa hawasubiri. Hata nakala isiyo na jalada nitanunua.