Fedha Hutoka Mwisho: Anachojifunza Karani wa Wakili Kuhusu Nyumba za Makazi

Mada iliyotolewa kwa wakazi wa kata katika mkutano wa elimu kwa umma kuhusu huduma za ardhi



Bahasha ya mteja anayetaka kununua nyumba inapofika katika ofisi ya wakili, mara nyingi mtu wa kwanza kuifungua huwa ni karani. Ndiye anayehesabu nyaraka zilizomo, anayefungua jalada, anayetumwa ofisi ya ardhi kufanya upekuzi, na anayerudi na majibu ambayo pengine humkosesha mteja usingizi. Baadhi ya makarani hao wana cheti au stashahada ya sheria, kama zile zinazotolewa na Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilichopo Lushoto. Wengine wamejifunzia kazini, jalada baada ya jalada. Wote wana mpaka mmoja: karani hana mamlaka ya wakili. Hashuhudii kiapo, hatii saini mahali pa wakili, wala hamwakilishi mteja mahakamani.

Mada ya leo inamhusu karani huyo kwa sababu moja. Utaratibu anaofundishwa katika miezi yake ya mwanzo ndio huo huo ambao mkazi yeyote anaweza kuufuata kabla ya kukabidhi akiba aliyoikusanya kwa miaka mingi. Utaratibu huo unasimama juu ya kanuni iliyo nyepesi kuitamka na ngumu kuitii mbele ya dalali mwenye haraka: fedha hutoka mwisho.

Haki ipi inauzwa?

Swali la kwanza katika jalada huhusu aina ya haki. Bei hufuata baadaye. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huo huo, zilizoanza kutumika Mei 2001, zinasema kwamba ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mtu anapouza kiwanja, anachouza ni haki yake ya kukimiliki na kukitumia, pamoja na nyumba na maendelezo yaliyomo.

Haki hizo hazilingani. Ipo hakimiliki iliyotolewa na serikali kwa muda usiozidi miaka 99, ambayo ushahidi wake ni hati. Ipo leseni ya makazi, inayotolewa mijini katika maeneo yaliyojengwa bila kupangwa, na ambayo muda wake ni mfupi. Ipo hakimiliki ya kimila katika ardhi ya kijiji, yenye hati yake au isiyo nayo. Kisha kuna wakazi wengi ambao karatasi yao pekee ni mkataba wa kuuziana wa zamani. Kila mmoja wao anaweza kuwa mkweli. Hata hivyo hakuna anayeweza kumpa mnunuzi haki kubwa kuliko ile aliyo nayo mwenyewe. Mwenye leseni hawezi kuuza hati, na mwenye mkataba wa zamani huuza pamoja nao maswali yote ambayo mkataba huo haukuyajibu.

Ni nani anayeuza?

Karani mgeni huifurahia nakala ya hati aliyoletewa. Karani aliyekomaa huichukulia kama dokezo tu la mahali pa kutafuta. Nakala inaweza kuwa sahihi na bado ikaficha jambo zito, kwa kuwa hati halisi huenda iko benki ikiwa dhamana ya mkopo. Kwa kiwanja chenye hati, jibu hupatikana kwa upekuzi katika daftari la Msajili wa Hati. Humo ndimo linamoonekana jina la mmiliki aliyesajiliwa, rehani kama ipo, na zuio kama limewekwa. Ada ya upekuzi ni ndogo sana ikilinganishwa na bei ya nyumba.

Jina la muuzaji likitofautiana na lililo katika daftari, kazi inasimama hadi tofauti hiyo ielezwe kwa nyaraka. Mara nyingi mwenye jina amefariki. Hapo ndipo familia nyingi hujikwaa. Kikao cha ukoo humpendekeza msimamizi wa mirathi, lakini mamlaka ya usimamizi hutolewa na mahakama. Mtoto mkubwa, shemeji au baba mdogo aliyeshika funguo za nyumba ya marehemu hana uwezo wa kuiuza kwa sababu tu ya ukubwa wake katika ukoo. Anayemlipa mtu huyo anaweza kujikuta akishtakiwa na warithi ambao hakuwahi kuwaona.

Hata jina likilingana, swali moja linabaki: muuzaji ana mwenzi? Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamkataza mume au mke kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ingalipo, hata kama jina lililo katika hati ni la mmoja tu. Kifungu hicho pia kinamtambua mwenzi kuwa na maslahi anayoweza kuyalinda kwa kuweka zuio. Sheria ya Ardhi nayo inamtwika mnunuzi au mkopeshaji wajibu wa kuuliza kama ridhaa imetolewa.

Ichukuliwe kwa mfano kwamba mume anauza nyumba mwezi ambao mkewe amesafiri kumuuguza mzazi. Mkataba una saini, mashahidi na muhuri. Mke anarudi na kukuta wageni wanapaka rangi ukuta wa chumba cha wanawe. Katika mgogoro huo wanaoumia ni wawili, na aliyezipokea fedha huenda hapatikani tena. Ndiyo maana karani hufundishwa kuitafuta saini ya ridhaa ya mwenzi mapema, akiiweka katika uzito ule ule wa hati.

Kiwanja chenyewe kinasema nini?

Nyaraka zikishatoa majibu, karani hutoka ofisini. Ramani ya upimaji hulinganishwa na alama za mipaka zilizopo ardhini. Majirani wa pande zote huulizwa, kwa sababu jirani wa miaka 20 hujua kesi ambayo haijaandikwa popote. Ofisi ya ardhi ya halmashauri huulizwa kama mchoro wa mipango miji unalitambua eneo hilo kuwa la makazi, au kama limetengwa kwa shule, eneo la wazi au njia ya maji.

Hifadhi ya barabara nayo huangaliwa. Chini ya Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara kuu ina upana wa mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ufuko wa bahari au ziwa na kingo za mito. Nyumba nzuri iliyojengwa ndani ya maeneo hayo ni mbuzi kwenye gunia.

Mkataba na muhuri

Sheria ya Ardhi inataka makubaliano ya kuuziana ardhi yawe kwa maandishi, au yathibitishwe kwa maandishi yaliyotiwa saini na yule anayedaiwa kuyatekeleza. Ahadi ya mdomo, hata ikitolewa mbele ya wazee, humpa mdai mlima wa kupanda mahakamani. Sheria ya Mawakili nayo inamzuia asiye na sifa kuandaa kwa malipo nyaraka za mali isiyohamishika, na inamtaka aliyeiandaa nyaraka aandike jina na anuani yake juu yake. Mkazi aulize: ni nani aliyeuandika mkataba huu, na jina lake liko wapi?

Mkataba mzuri hutaja wahusika, kiwanja na mipaka yake, bei, awamu za malipo, siku ya kukabidhi nyumba, anayelipa kila kodi, na hatua zitakazofuata iwapo uhamisho utakwama. Kipengele hicho cha mwisho ndicho husahaulika zaidi, na ndicho hutafutwa kwa machozi mambo yanapoharibika.

Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wana nafasi yao ya heshima. Wanawafahamu wakazi, wanaijua historia ya kiwanja, na ushahidi wao una thamani. Lakini muhuri wa ofisi ya mtaa hauhamishi umiliki wa kiwanja kilichosajiliwa. Na malipo halali ya serikali huambatana na namba ya malipo na stakabadhi. Kisicho na stakabadhi kiulizwe kabla ya kulipwa.

Mpaka daftari libadilike

Kwa kiwanja chenye hati, kutia saini huanzisha safari nyingine. Taarifa ya uthamini huandaliwa, kodi ya pango la ardhi huhakikiwa, kodi ya ongezeko la mtaji na ushuru wa stempu hulipwa, Kamishna wa Ardhi huarifiwa na kutoa kibali, kisha uhamisho husajiliwa. Kabla ya usajili, mnunuzi ana mkataba anaoweza kuudai kwa muuzaji, lakini daftari bado linamtaja mtu mwingine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa sababu hiyo wakili mwangalifu hupanga sehemu kubwa ya fedha itoke kadiri hatua zinavyokamilika, na salio litoke uhamisho unapothibitika.

Katika ardhi ya kijiji njia ni tofauti, wala si ya mkato. Uhamisho wa hakimiliki ya kimila huhitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji, ambacho ni chombo chenye vikao na kumbukumbu. Saini ya mwenyekiti aliyefuatwa nyumbani jioni haiwi kikao. Mnunuzi aombe muhtasari wa kikao kilichoidhinisha.

Mgogoro ukishatokea

Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Baraza la Kata limebaki na kazi ya kusuluhisha, wala halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi. Anayetaka kufungua shauri la umiliki katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya sharti kwanza apitie usuluhishi huo. Ukishindikana, Baraza la Kata huthibitisha hivyo, na siku 30 zikipita bila suluhu mlalamikaji anaruhusiwa kusonga mbele. Rufaa huenda Mahakama Kuu. Muda nao huhesabiwa: shauri la kudai ardhi hufunguliwa ndani ya miaka 12 tangu haki ya kudai ilipozaliwa. Anayenyamaza kwa kumwonea ndugu haya aikumbuke hesabu hiyo.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili hajaachwa peke yake. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao hutoa elimu na mwongozo bila malipo. Mtendaji wa Kata na ofisi ya maendeleo ya jamii wanaweza kuulizwa mahali wanapopatikana.

Ndugu wananchi, karani hana siri yoyote. Anauliza haki ipi inauzwa, nani anauza, nani mwingine ana haki, ardhi yenyewe ikoje, na daftari linasema nini. Maswali hayo yanaweza kuulizwa na fundi, mama lishe, mwalimu au mkulima, na muuzaji mwema hakasiriki akiulizwa. Anayesema kwamba mteja mwingine yuko njiani na fedha zitolewe leo, amekwisha kulijibu swali ambalo hajaulizwa.