Kabla ya Kusema "Ni Kweli": Dereva, Wakili na Kesi ya Mwendo wa Kasi

(Mazungumzo yaliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo, yaani kesi ya mwendo wa kasi barabarani, na kama yafaa mtu kumwajiri wakili kwa ajili yake. Huenda wengine wakashangaa na kuuliza: Tume ya Haki na Amani inahusikaje na spidi ya matatu? Nawajibu kwamba kwa watu wengi wa parokia zetu, mahakama ya trafiki ndiyo mahakama ya kwanza, na pengine ya pekee, watakayosimama mbele yake maishani mwao. Hapo ndipo wanapojifunza kama sheria ni ngao yao au ni rungu la kuwapigia.

Niruhusuni nianze na kisa cha ndugu mmoja ambaye simtaji jina. Yeye ni dereva wa matatu. Siku moja alisimamishwa, akaambiwa kwamba alikuwa akienda kilomita 104 kwa saa mahali ambapo gari la abiria halitakiwi kupita 80. Asubuhi iliyofuata alifika mahakamani akawakuta watu wengi wakisubiri kwenye mabenchi. Mwenzake mmoja aliyezoea mambo hayo akamnong'oneza: "Sema ni kweli, utatoka mapema." Aliposomewa shtaka akajibu, "Ni kweli." Akatozwa faini ya shilingi 15,000, akakopa ndugu zake, akalipa, na saa nane alikuwa amerudi barabarani.

Jioni, akiwa nyumbani, mtoto wake wa sekondari alimsomea zile karatasi. Namba ya gari iliyoandikwa humo haikuwa ya gari lake. Ndugu yetu huyu alikuwa amekiri jambo ambalo hakulisikiliza.

Maneno mawili yenye uzito

Alipokwenda kwa wakili, aliambiwa maneno ambayo ningependa kila mmoja wetu ayashike. Kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai ya Kenya chasema kwamba mtu aliyekiri kosa mbele ya mahakama ya chini, akahukumiwa kwa kukiri kwake, hana rufaa dhidi ya kutiwa hatiani. Anaweza kulalamikia tu ukubwa au uhalali wa adhabu. Mahakama za juu zimekubali kuingilia kati pale inapoonekana kwamba kukiri kwenyewe hakukuwa kamili. Hata hivyo njia hiyo ni nyembamba, na siku za kukata rufaa ni 14 tu. Ndugu yetu akapiga hesabu, akaona gharama ya kuitafuta haki yake ingezidi ile faini. Akanyamaza.

Ndugu zangu, hakimu hakumlazimisha, wala hakuna aliyempiga. Alinyang'anywa haki yake na haraka, na hofu, na kutojua. Angaliweza kuilinda kwa maneno mawili tu: "Si kweli."

Sheria yenyewe haipendi haraka hiyo. Tangu mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu ambao mahakama zetu zaufuata hadi leo. Shtaka na kila sehemu yake lazima lielezwe kwa lugha anayoifahamu mshtakiwa. Maneno yake ya kukiri yaandikwe. Kisha kiongozi wa mashtaka aeleze jinsi kosa lilivyotendeka, na mshtakiwa aulizwe kama akubaliana na maelezo hayo. Akisema kwamba hayako hivyo, kukiri kwake kufutwe, iandikwe kwamba amekana. Kwa hiyo hata mtu aliyekwisha kusema "ni kweli" bado ana nafasi pale maelezo yanaposomwa. Ayasikilize neno kwa neno: mahali, siku, saa, namba ya gari, mwendo uliotajwa.

Sheria ya mwendo yasemaje

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, yaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya miji na vituo vya biashara, na gari la abiria halipaswi kuzidi 80 popote liendapo. Kanuni za Makosa Madogo ya Trafiki za mwaka 2016 ziliorodhesha viwango hivi: aliyezidisha kwa kilomita 1 hadi 5 aonywe, 6 hadi 10, shilingi 500, 11 hadi 15, shilingi 3,000, 16 hadi 20, shilingi 10,000. Anayepita hapo anaangukia kifungu cha 43, ambacho faini yake yaweza kufika shilingi 100,000. Mahakama pia ina uwezo wa kuisimamisha leseni. Kwa dereva, leseni ndiyo jembe lake.

Kifungu hichohicho cha 43 kina ulinzi ambao wengi hawaujui. Mtu hawezi kutiwa hatiani kwa mwendo wa kasi kwa sababu tu shahidi mmoja amesema kwamba, kwa maoni yake, gari lilikuwa likienda mbio. Panahitajika zaidi ya hapo, kwa mfano kipimo cha chombo kinachoaminika. Ndipo maswali yanapozaliwa: chombo hicho kilipimwa lini usahihi wake? Nani alikitumia? Kililenga gari lipi kati ya yaliyokuwa yakipita? Kibao cha kikomo cha mwendo kilikuwepo mahali hapo?

Na kabla ya yote hayo, Katiba ya mwaka 2010 imempa mtu aliyekamatwa haki zake. Ibara ya 49 yataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama baada ya hapo kama saa hizo zimeisha wakati mahakama imefungwa. Yasema pia kwamba mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi sita. Ibara ya 50 yampa haki ya kuelezwa shtaka kinaganaga, kupata muda wa kutosha wa kujitayarisha, kuujua mapema ushahidi utakaoletwa, kupata mkalimani bila malipo, na kuwakilishwa na wakili anayemchagua mwenyewe.

Je, ni lazima kumwajiri wakili?

Si mara zote. Tusidanganyane. Kama ulizidisha mwendo kwa kilomita chache, nawe wajua moyoni kwamba ulizidisha, kumlipa wakili fedha nyingi kuliko faini si busara. Kubali kosa, lipa kwa njia halali, tunza risiti, na urekebishe mwendo wako. Hiyo nayo ni haki.

Lakini kuna nyakati nne ambazo namshauri mtu amtafute wakili. Kwanza, anapoona kwamba maelezo ya shtaka si ya kweli. Pili, leseni yake ikiwa hatarini, naye anaishi kwa kuendesha. Tatu, anaposhindwa kulielewa shtaka, hasa likiwa na makosa kadhaa pamoja. Nne, na hapa nasema bila kusita, panapokuwa na mtu aliyeumia au kufariki. Kusababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari, chini ya kifungu cha 46, kwaweza kumfunga mtu hadi miaka kumi. Asiende huko peke yake.

Asiye na uwezo asikate tamaa. Ibara ya 50 yasema kwamba Serikali itampa mshtakiwa wakili kwa gharama yake pale ambapo kumkosa kungeleta dhuluma kubwa, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliunda Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria kwa ajili ya wasiojiweza. Aidha, si lazima wakili abebe kesi nzima. Mtu aweza kumlipa kwa mashauri ya saa moja tu: amsomee karatasi ya mashtaka, amweleze akane au akiri, na ni maswali gani ayaulize. Kuuliza si ujinga. Na ikiwa siku ya kwanza umefika bila kushauriana na yeyote, mwambie hakimu kwa heshima: "Mheshimiwa, naomba muda nizungumze na wakili." Ni ombi halali.

Kumchagua wakili

Penye shida hapakosi walaghai. Nje ya mahakama nyingi utamkuta mtu mwenye koti na faili kwapani akikuahidi kumaliza mambo. Usimpe hata senti kabla ya kuhakikisha mambo haya. Awe wakili aliyesajiliwa, mwenye cheti cha kufanya kazi cha mwaka huo. Chama cha Mawakili cha Kenya kinaweza kukuthibitishia. Awe na ofisi unayoweza kurudi. Mkubaliane ada tangu mwanzo, na ijulikane kama ni ya siku moja au ya kesi nzima. Akupe risiti. Akipokea fedha zako kisha asionekane mahakamani, peleka malalamiko kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili.

Wewe nawe una wajibu wako kwake. Mweleze ukweli wote, hata ule unaokuaibisha. Siri yako haitatoka. Ukimficha jambo, litamshtukia mbele ya hakimu, na wewe ndiwe utakayeumia.

Asiloweza wakili

Wakili si mganga. Hawezi kuugeuza uongo kuwa kweli, wala hapaswi kuleta mashahidi wa kununuliwa. Ukiwa umekosa, kazi yake ni kukuombea kwa hakimu: kwamba hili ni kosa lako la kwanza, kwamba una watoto, kwamba umejuta. Naye akikuambia kwamba sehemu ya fedha ni ya kumpa afisa fulani, huyo hakufai. Chini ya Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, mtoaji na mpokeaji wote ni wakosaji, na kifungo chaweza kufika miaka kumi. Tena noti ile inayopenyezwa dirishani kwa askari ndiyo inayomfundisha kumsimamisha anayefuata.

Wala tusizitetee haki za dereva hata tukamsahau abiria. Kuanzia mwaka 2021 hadi 2024, zaidi ya watu 4,000 walikufa kila mwaka katika barabara za Kenya, wakiwemo wengi waliokuwa wakitembea kwa miguu. Anayemtumia wakili ili aendelee kukimbia bila kuguswa, huyo hatafuti haki.

Hapa nina neno kwa wenye magari, maana baadhi yenu mko hapa ndani. Dereva hapigi mbio kwa kupenda mbio. Anaikimbilia hesabu ya jioni uliyomwekea wewe. Akiikosa, kesho gari litapewa mwingine. Kisha akikamatwa, faini ni yake na kesi ni yake. Je, hiyo ni haki? Mwenye gari anayepokea faida ya mwendo ule ashiriki pia mzigo wake: apunguze hesabu, na siku ya mahakama asimwache kijana wa watu asimame peke yake.

Tufanye nini

Napendekeza mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi. Kila jumuiya iwe na mtu mmoja au wawili wanaosoma vizuri, ambao mtu aliyepewa karatasi ya mahakama atawaendea jioni hiyohiyo ili wamsomee. Parokia iwe na orodha ya mawakili waliothibitishwa walio tayari kutoa mashauri kwa ada nafuu. Na mwenzetu anapoitwa mahakamani, asiende peke yake. Vikao vya mahakama viko wazi kwa umma. Kaeni kwenye benchi nyuma yake. Mtu anayeona nyuso za watu wake hukumbuka kusikiliza kabla ya kujibu.

Ndugu yetu yule dereva bado yuko barabarani. Husema kwamba shilingi 15,000 amekwisha kuzisahau, asichokisahau ni mtoto wake kumuuliza, "Baba, kwa nini ulisema ni kweli?" Tuwasaidie wengine wasiulizwe swali hilo.



Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Je, kuna mtu katika jumuiya yetu aliyewahi kukiri kosa ambalo hakulitenda au hakulielewa? Ni nini kilimfanya akiri?

2. Wenye magari na madereva wa parokia yetu wanaweza kukubaliana nini juu ya hesabu ya siku ili mtu asilazimike kukimbia?

3. Ni nani kati yetu aliye tayari kuwasomea wenzake karatasi za mahakama na kuwasindikiza siku ya kesi?