Kitambaa Cheupe Malishoni
(Hotuba ya Bwana Mifugo katika mkutano wa kutimiza miaka 10)



Katika siku hii ya furaha naomba ruhusa ninene juu ya adui mdogo alaye faida yetu bila ya kuandikwa katika vitabu vya hesabu: kupe. Mwaka 1904 mtaalamu C. P. Lounsbury, huko Afrika Kusini, alionyesha kuwa kupe wa rangi ya kahawia ndiye aenezaye ndigana kali. Hata leo wengi wetu twafukia ndama kwa ajili yake.

Ziko njia mbili nyepesi ambazo kila mfugaji aweza kuzijaribu. Ya kwanza ni kitambaa cheupe chenye manyoya, mraba wa mita 1, kilichofungwa ufito na kamba. Kiburuteni polepole juu ya majani asubuhi, umande ukiisha kukauka. Kila hatua 10 simameni, mkigeuze, mhesabu kupe, kisha muwatie katika chupa ya spiriti. Kupe wa ndigana hungoja juu ya majani mnyama apite, ndiyo maana hunaswa.

Ya pili ni kwa kupe mkubwa wa madoadoa, aenezaye ugonjwa wa moyo kujaa maji. Huyo huifuata hewa ya pumzi ya mnyama. Hamira na sukari katika maji ya vuguvugu hutoa hewa iyo hiyo, ingawa kidogo. Wekeni chupa wazi katikati ya kitambaa kilichotandazwa chini.

Jaribuni zote mbili katika malisho yale yale, siku ile ile, mkaandike hesabu kila juma. Lakini angalieni: kitambaa kitupu si ushahidi kwamba malisho ni safi, maana jua kali na majani mabichi huwaficha kupe. Wala mtego haumalizi kupe. Wala mtego si badala ya josho. Faida yake ni kutujulisha ni wapi tusipeleke ndama. Na ng'ombe wakiogeshwa barabara, kisha masikio yao yakazidi kujaa kupe, semeni upesi: huenda dawa ni hafifu, au kupe wameizoea.

Ndugu zangu, ushirika hufundisha kupima mazao kwa mizani ya haki. Basi na tumpime adui huyu pia, kila chama cha msingi kikiwa na kitambaa chake na daftari lake.