Faida ya Kula Nanasi Pamoja na Chakula



Msimu wa mananasi ukifika, barabara za karibu na Thika na masoko ya Nairobi na Mombasa hujaa matunda hayo yaliyopangwa mafungu mafungu, na mpita njia huvutwa na harufu kabla hajaona kitu. Walakini walio wengi hulihesabu nanasi kuwa anasa tu, kitu cha kuburudisha koo wakati wa jua kali. Mazungumzo haya yataeleza kwa nini lastahili kuwekwa pamoja na ugali na maharagwe, hasa mbele ya akina mama na watoto.

Asili ya nanasi si Afrika, bali ni Amerika ya Kusini. Christopher Columbus na watu wake walilikuta mwaka 1493 katika kisiwa cha Guadeloupe, na baadaye Wareno walilieneza kwa merikebu zao. Katika zama hizo mabaharia walikuwa wakifa kwa wingi kwa ugonjwa wa kiseyeye: fizi huvimba na kutoka damu, meno hulegea, na vidonda havifungi. Mwaka 1747 daktari Mskoti aitwaye James Lind aliwajaribu mabaharia 12 wagonjwa, kila wawili kwa dawa yao, na wale wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi kuliko wenzao. Siku hizi yajulikana kwamba kilichowaponya ni vitamini C. Gramu 100 za nanasi bivu, yaani kipande kimoja kinene, zina miligramu 48 hivi za vitamini hiyo, na mtu mzima ahitaji kama miligramu 45 kwa siku. Haki isemwe pia: pera, ambalo watoto hulichuma bure kando ya njia, lina zaidi ya mara nne ya kiasi hicho. Basi asiye na fedha ya nanasi asijione maskini.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Mwili hautengenezi damu bila madini ya chuma. Chuma kilichomo katika nyama huingia mwilini kwa wepesi, lakini nyumba nyingi hazili nyama kila siku. Chakula chao ni maharagwe, mahindi, kunde, sukuma wiki na mchicha. Vyakula hivi vina chuma, ila ni cha namna ambayo tumbo hulipokea kidogo tu na kingine hupita bure. Vitamini C ikikutana na chuma hicho tumboni hukibadili hali yake, kikaweza kuingia katika damu. Lakini sharti vikutane: nanasi lililoliwa asubuhi halisaidii maharagwe ya usiku. Vipande vichache vikiliwa katika mlo ule ule, maharagwe yale yale huupa mwili chuma zaidi, bila kuongeza hata kijiko kimoja cha maharagwe.

Kinyume chake ni chai. Majani ya chai yana kitu kinachokishika chuma na kukizuia kisiingie mwilini. Hakuna anayemkataza mtu chai, kwani nani angesikilizwa Kenya akisema hivyo? Ila ni afadhali inywewe saa moja au zaidi baada ya chakula, na nanasi lishike mahali pake mezani.

Wanaohitaji chuma kuliko wote ni wanawake wenye mimba. Ni jambo la kusikitisha kwamba hao ndio wanaokatazwa nanasi katika vijiji vingi, kwa kuambiwa kwamba litaharibu mimba. Haikuthibitishwa kwamba nanasi bivu, likiliwa kwa kiasi cha kawaida, huharibu mimba. Mama mwenye mimba anayekosa tunda hili kwa hofu, huku akisikia kizunguzungu na kuchoka, hunyimwa msaada bila sababu. Hata hivyo asiache vidonge vya chuma alivyopewa kliniki, kwa kuwa nanasi si badala yake.

Neno moja kuhusu kuwasha kwa ulimi. Nanasi lina kitu kiitwacho bromelini, ambacho huvunja protini, na ndiyo maana nyama ngumu iliyopakwa maji ya nanasi hulainika. Nyingi zaidi imo katika shina la mmea, na dawa iliyotengenezwa nayo iliruhusiwa Ulaya mwaka 2012 kwa kuondoa ngozi iliyokufa kwa kuungua moto. Wauzaji wengine husema kwamba nanasi huyeyusha mafuta ya mwili na kumkondesha mtu. Hayo ni maneno ya biashara. Moto huiua bromelini, na hupunguza vitamini C pia. Kwa hiyo nanasi la kopo, ijapokuwa ni chakula, halilingani na lililokatwa sasa hivi, hasa likiwa limelowekwa katika maji ya sukari.

Nanasi likishachumwa haliongezeki utamu, basi lichaguliwe lenye harufu nzuri chini, lisilobonyea. Lioshwe kabla ya kumenywa, maana kisu huchukua uchafu wa ganda na kuupeleka ndani. Vipande vilivyokaa wazi penye inzi vyaweza kuleta kuhara na homa ya matumbo, kwa hiyo ni heri kununua zima na kulikata nyumbani. Mwenye ugonjwa wa sukari ale kidogo, na mwenye vidonda vya tumbo aache likimwumiza. Mtoto asipewe kabla ya kutimiza miezi 6.

Kilele cha majani kisitupwe. Kikiachwa kikauke siku chache, kisha kikapandwa penye udongo usiotuama maji, huota. Huchukua miaka miwili hivi kuzaa, na machipukizi ya ubavuni mwa mmea huzaa mapema zaidi.