Kuizoea Mashini ya Usingizi: Hotuba kwa Wanachama wa Tawi



Halmashauri ya tawi imeniomba niseme habari za mashini ninayolala nayo, kwa kuwa maneno mengi yamezunguka shedini na katika kota. Wengine wasema nimefungiwa hewa ya hospitali kama mgonjwa wa kufa. Wengine wasema ni kitu cha kunyamazisha kukoroma tu, ili mke apate usingizi. Mimi ni fundi wa breki, si daktari, na shule yangu ni ya misheni, darasa la nane, basi. Nitasema yale niliyoelezwa na daktari nikayafahamu, na yale niliyoyaona mwenyewe kwa muda wa miezi 5.

Kwanza tuujue ugonjwa. Mtu akilala, nyama za koo hulegea. Kwa watu wengine hulegea mno, ulimi ukarudi nyuma, na njia ya hewa ikazibwa. Kifua chajitahidi, tumbo lapanda na kushuka, lakini hewa haipiti. Hukaa hivyo sekunde 10, au 20, na pengine hata dakika nzima. Kisha ubongo wapiga kengele, mtu ashtuka, avuta pumzi kwa kishindo, na kulala tena bila kukumbuka lolote. Madaktari waita jambo hili apnia ya usingizi. Huhesabu ni mara ngapi kwa saa pumzi inakatika au inapungua sana. Ikifika 5 ni ugonjwa mdogo, 15 ni wa katikati, 30 na zaidi ni mkali. Mimi nilipimwa usiku mmoja nikakutwa na mara 41 kwa saa. Fanyeni hesabu wenyewe: katika saa 7 za kulala ni zaidi ya mara 280. Mtu wa namna hiyo aamka asubuhi amechoka kuliko alivyolala, kichwa chamuuma, mdomo umekauka, na usiku ameamka mara nyingi kwenda haja ndogo. Ugonjwa huu huenda pamoja na damu kupanda, na moyo waumia.

Aliyeugundua kwangu ni mke wangu. Mimi ningewezaje, nami nimelala? Kwa hiyo nawaambia, mwenye mke amuulize. Na asiye na mke amuulize anayelala naye chumba kimoja katika bweni la kupumzikia la madereva na magadi, maana hao hawafichi neno. Mtu mnene mwenye kola ya shati ya inchi 17 na kupita yuko katika hatari zaidi, lakini wembamba pia hupatwa. Pombe ya jioni huongeza ulegevu wa koo.

Sasa nifike penye uchungu. Sisi tunaofanya kazi ya reli, mtu akisinzia zamuni jina lake ni mvivu. Namjua mwenzetu mmoja, mahali pasipo haja ya kutajwa, aliyepewa barua mbili za onyo kwa kusinzia, wala hakuna aliyemuuliza anavyolala. Twasoma katika Matendo ya Mitume habari za kijana Eutiko, aliyelemewa na usingizi dirishani Paulo akiendelea kuhubiri, akaanguka kutoka orofa ya tatu. Watu walishuka kumtazama kama yu hai. Hakuna aliyekwenda kutafuta karatasi ya kumwandikia onyo.

Na kama mkubwa yeyote adhani haya ni mambo ya chumbani kwa mtu, asome habari ya New York. Tarehe 1 Desemba 2013, asubuhi, gari la abiria lilikuwa likiingia katika kona karibu na stesheni ya Spuyten Duyvil. Mwendo ulioruhusiwa pale ulikuwa maili 30 kwa saa, yaani kilomita 48. Gari liliingia kwa maili 82, yaani kilomita 132. Likatoka relini, watu 4 wakafa na wengi wakaumia. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walikuta kwamba dereva alikuwa amesinzia. Alipopimwa baada ya ajali, alikuwa na apnia kali ambayo hakuna daktari aliyewahi kuiona. Tena sikilizeni vizuri: majuma mawili hivi kabla ya ajali alikuwa amehamishwa kutoka zamu ya jioni kwenda zamu ya alfajiri, na wachunguzi waliandika kwamba mabadiliko hayo ya zamu yaliuzidisha usingizi wake. Ugonjwa na orodha ya zamu vilishikana mikono. Tarehe 29 Septemba 2016 gari lingine liligonga mwisho wa njia katika stesheni ya Hoboken, ng'ambo ya mto, mtu mmoja akafa, na dereva wake naye alikuwa na ugonjwa huo huo bila kujua.

Basi, mashini yenyewe. Hospitalini waiita sipapu. Haina oksijeni ya chupa, ni hewa hii hii ya chumbani. Ni pampu ndogo inayovuta hewa kupitia kichujio, ikaisukuma katika mpira mrefu mpaka kwenye maski iliyo puani. Hewa ile hulisimamisha koo wazi, kama vile upepo unavyoushikilia mfuko usijikunje. Daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, na wenzake waliandika habari zake mwaka wa 1981, wakiwa wameijaribu kwa wagonjwa 5. Kabla ya hapo aliyezidiwa sana alitobolewa tundu shingoni. Nikifikiri juu ya tundu hilo, maski hainichukizi tena.

Mafundi wenzangu wameniuliza kama haiwezi kupasua mapafu. Sisi twajua bomba la breki hujazwa hewa mpaka geji isome karibu kilo 5. Mashini hii hupimwa kwa sentimita za maji, na kipimo chake huwa kati ya 4 na 20. Yangu ni 10. Sentimita 10 za maji ni sehemu moja ya mia ya kilo moja ya geji yetu. Kwa hiyo bomba la breki lina nguvu mara 500 kuliko kitu kilicho puani pangu. Hata hivyo usiku wa kwanza nilidhani nazama.

Hapa ndipo watu wengi huishia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kuvuta pumzi ni rahisi, shida ni kuitoa. Ni kama kutoa kichwa dirishani gari likienda mbio na kujaribu kusema neno. Usiku ule nilivumilia kama saa moja. Usiku wa pili niliamka alfajiri nikaiona maski iko sakafuni, wala sijui niliivua saa ngapi. Watoto waliniita ndovu kwa sababu ya ule mpira. Mke wangu, aliyelilia kimya miaka yote, alishindwa kulala kwa sababu ya kimya, akawa ananigusa kuona kama ningali hai.

Nilirudi hospitalini, na muuguzi mmoja, mama mtu mzima mwenye maneno machache, akaniambia neno lililonifaa kuliko yote: usianze kuizoea kitandani, izoee kitini. Basi kila nilipotoka kazini nilikaa sebuleni na maski usoni, macho wazi, nikisikiliza mpira redioni. Siku za kwanza ilikuwa dakika 20, halafu nusu saa, halafu kipindi kizima cha kwanza cha mchezo. Hofu hutoka mchana, mtu akiwa na akili zake. Pia alinionyesha kitufe kinachofanya hewa ianze kidogo na kupanda polepole kwa muda wa nusu saa hivi, ili mtu apitiwe na usingizi kabla upepo haujawa mwingi.

Kisha habari ya kuvuja. Fundi wa breki akisikia hewa yavuja, mkono wake wataka spana. Mikanda ya maski si ya kukazwa hivyo. Ile ni kama washa ya mpira, ukiikaza mno hupinda ikavuja zaidi, na pua ikafanya kidonda. Vaa maski ukiwa umelala na mashini inaendesha, ivute mbele kidogo, iachie ikae yenyewe. Ndevu nyingi pia huvujisha. Tena katika maski kuna vitundu vidogo ambavyo hutoa hewa wakati wote. Shemeji yangu, fundi wa mabomba, alipoviona alikwenda kutafuta plasta! Visizibwe kamwe. Hapo ndipo hewa chafu uliyoitoa kifuani hupita.

Anayelala mdomo wazi aombe maski inayofunika pua na mdomo pamoja. Anayekauka pua ajaze kile kitangi cha maji kinachopashwa moto, na ajaze maji yaliyokenekwa, maana maji ya bomba huacha ukoko mweupe kama ndani ya birika. Majira ya baridi, mwezi wa Julai, maji yaliganda kama umande ndani ya mpira wangu yakaanza kugugumia. Niliupitisha mpira chini ya blanketi, yakaisha. Maski huoshwa kila siku kwa sabuni ya kawaida na maji ya uvuguvugu, na kichujio hutazamwa, hasa kwetu penye vumbi na moshi wa dizeli.

Juma la tatu nililala saa 4 mfululizo. Wataalamu wengi huhesabu kwamba mtu aitumia vyema akifikisha saa 4 kwa usiku, katika usiku 7 kati ya kila 10, lakini hicho ni kiwango cha chini, na kila saa unayolala bila mashini koo lajifunga kama zamani. Sasa hesabu yangu ni mara 3 kwa saa badala ya 41. Maumivu ya kichwa yalikwisha mwezi wa pili. Kuchoka kulichukua muda zaidi.

Sisi wa zamu tuna shida zetu ambazo kitabu cha mashini hakizitaji. Ukitoka zamu ya usiku ukalala saa tatu asubuhi, huo nao ni usingizi, na mashini yahitajika vile vile. Ukienda kulala katika bweni la safarini, nenda nayo. Je, kuna soketi karibu na kitanda? Mahali pengine iko moja kwa vitanda 6, na hiyo ina simu 4. Halafu umeme hukatika. Wote twakumbuka tarehe 25 Agosti 2023, usiku, karibu nchi nzima ilipoingia gizani. Ziko mashini zinazoweza kutumia betri ya volti 12 au 24 kwa waya wake maalum, na ukizima kupasha maji betri hudumu zaidi. Umeme ukikatika, vua maski, lala kwa ubavu, usilale chali.

Bei ni mzigo. Mashini mpya yapita mshahara wa mwezi wa wengi wetu, kwa hiyo watu hutafuta iliyotumika. Siwakatazi, lakini tahadharini. Mwezi wa Juni 2021 kampuni ya Philips iliagiza mamilioni ya mashini zake zirudishwe, kwa kuwa sponji iliyokuwa ndani ya kupunguza kelele iliweza kuoza na vipande vyake kuingia katika hewa ya mgonjwa. Kabla ya kulipa, andika jina na nambari ya mashini, mpelekee daktari. Na kipimo cha hewa kiwekwe na hospitali kwa ajili yako. Usilale kwa kipimo cha koo la mtu mwingine.

Ndugu Mwenyekiti, nina maneno ya kupeleka mbele ya wakubwa, nayo ndiyo yaliyonileta hasa.

Dereva mwenye dalili hizi leo hunyamaza. Aogopa kwamba akisema, atashushwa kwenye injini na kupewa ufagio. Na akinyamaza, alala akiendesha. Kwa hiyo nataka mapatano yetu yaandike kwamba atakayejitokeza kupimwa atawekwa kazi nyingine kwa mshahara ule ule mpaka mashini imkae, na daktari akimkubali atarudi kwenye kazi yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yatupa siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili kila mwaka na 7 kwa nusu mshahara, baada ya miezi miwili ya kazi. Mimi nilihitaji majuma matatu kabla ya kulala vizuri. Siku hizo hazitoshi.

Neno lingine, mashini hizi huandika ndani yake kila saa uliyolala. Daktari azisome, ni haki yake. Lakini mwenye zamu asije akatuwekea karatasi mezani na kusema juzi ulilala saa 5 tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yazihesabu habari za afya ya mtu kuwa miongoni mwa habari za kulindwa zaidi, na chama kisimame hapo.

Na wasitumie mashini kama kisingizio. Yafungua koo, haiongezi saa za usiku. Mtu aliyefanya kazi saa 16 atasinzia hata akiwa na mashini ya dhahabu. Tukidai vipimo, tudai na saa za kupumzika katika barua ile ile, wala tusikubali kimoja kipewe jibu na kingine kiwekwe mtoni.

Nimekuja nayo, iko hapa mezani ndani ya mfuko huu. Maski ya kujaribia ni nyingine, imeoshwa. Namwomba ndugu Mwandishi achomeke waya ukutani, na mmoja wenu, afadhali dereva, aje mbele akae kitini aivae dakika 5, nasi wengine tumuulize.