Telefone itutumikie, isitutawale

Maneno kwa familia zilizohama na viongozi wao



Leo tunaongea juu ya kitu kidogo ambacho wengi wetu tulikibeba tulipokimbia, hata tulipoacha sufuria na mikeka: telefone.

Hatukuja kuisema vibaya. Kwa telefone tulijua jamaa waliopotea njiani wako wapi. Kwa telefone ndugu wa mbali anatutumia pesa kidogo. Lakini iko telefone ya mchana inayotusaidia, na iko ya usiku inayotumaliza.

Ile ya usiku tunaifahamu. Mtu analala na viatu karibu. Saa saba anafungua intaneti aone kama vita imesogea. Anaona picha ya maiti, anafunga, anafungua tena. Kunapokucha hajalala, na mega za wiki zimekwisha. Kijana naye anacheza michezo mpaka betri izime, kwa sababu humo ndani hakuna hema wala njaa.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) lilikubali kuweka uraibu wa michezo ya elektroniki, yaani mazoea yanayomshinda mtu, katika orodha yake ya magonjwa. Orodha hiyo ilianza kutumika Januari 2022. Dalili ni tatu: mtu hawezi kujizuia; mchezo unapita kazi, shule na jamaa; naye anaendelea hata akiona unamharibia maisha, kwa kawaida muda wa mwaka mzima au zaidi. Mazoea mengine mengi ya intaneti hayamo katika orodha hiyo, lakini dalili hizo zinaweza kutusaidia kujipima sote.

Tusiharakishe kumwita mtu mgonjwa. Mara nyingi wasiwasi unamsukuma kwenye telefone, na anayoyaona huko yanamwongezea wasiwasi. Halafu usingizi unapotea. Ubongo hutumia usingizi kupanga kumbukumbu za mchana. Asiyelala anasahau, anakasirika upesi, hasikilizi neno mpaka mwisho, na kupima kweli na uongo kunamshinda.

Hapo ndipo jambo hili linagusa amani. Usiku mmoja tulipokea picha ya nyumba zinazoungua. Chini yake paliandikwa jina la kijiji chetu na jina la kabila la jirani. Kabla ya jua kutoka, vijana walikuwa wamekusanyika kwa hasira. Mzee mmoja alikataa kusema neno mpaka ampigie mtu aliyebaki kule. Akajibiwa: huku kumetulia, nyumba zimesimama. Tujiulize: kama mzee huyo naye angekesha akitazama picha ile, angewaambia vijana nini?

Kwa hiyo tunaomba mambo manne.

Kwanza, kila familia ichague saa ya kulaza telefone, ziwekwe mahali pamoja mbali na watu wanaolala. Kama tunaogopa hatari ya usiku, tupange zamu: mtu mmoja abaki na simu ya kupokea sauti tu, awaamshe wengine ikihitajika.

Pili, habari ya intaneti isipelekwe mbele kabla ya kumuuliza mtu aliye pale pale.

Tatu, kijana asinyang'anywe telefone kwa fimbo. Tumpe kazi, mpira, masomo, na tumsikilize.

Nne, asiyelala kwa wiki nyingi, anayejitenga, au anayesema heri afe, asiachwe peke yake. Tumsindikize kwa muuguzi wa kituo cha afya.

Viongozi, tuanze sisi. Mtoto ataweka telefone chini akiona baba na mama wameweka zao. Vita ilitunyang'anya mashamba na nyumba. Usingizi na akili zetu tusizitoe kwa mikono yetu wenyewe.