Kujenga Vim kwa mashine zetu: maneno ya fundi wa chama kwa mkutano wa wanachama

Maneno haya yalisemwa na mwanachama anayetunza ordinateri za chama, mbele ya wanachama na wafadhili waliotutembelea. Tumeyaacha karibu jinsi yalivyosemwa.

Komite imeniomba nieleze kwa nini niko natumia siku nyingi kwa programu moja ya kuandikia, wakati programu zingine mtu anabonyeza tu na iko tayari. Swali ni zuri. Umeme unalipwa na michango yenu. Nitajibu polepole, na asiye fundi asiogope.

Tuanze na daftari, sababu daftari njo roho ya chama. Tuna ordinateri tatu (kule kambini tulizoea kusema kompyuta, ni kitu kimoja). Mbili zinaendeshwa na Linux, moja inaendeshwa na Windows. Daftari la michango tumeliweka kama maandishi matupu: jina, mwezi, franga, basi. Hakuna rangi wala mapambo. Ni makusudi. Maandishi matupu yanafunguka kwa mashine yoyote, ya zamani ao ya sasa, na hakuna mtu atakayetuambia kesho kwamba tulipe ndipo tusome majina yetu wenyewe.

Programu ya kuandikia tuliyochagua inaitwa Vim. Aliyeianza ni Bram Moolenaar, mtu wa Uholanzi. Alikuwa na ordinateri ya aina ya Amiga, akataka juu yake programu inayofanana na vi, ile iliyotungwa na Bill Joy huko California mwaka 1976 kwa mashine za Unix. Mtu wa kwanza hakuanza na mikono mitupu: alichukua programu ingine ndogo, Stevie, iliyoandikwa kwanza kwa mashine ya Atari, akaitengeneza upya. Vim ikatoka kwa watu wote mwaka 1991. Mwaka 1992 ikavuka kutoka Amiga kwenda Unix, kisha ikafika MS-DOS, Windows na kwingineko. Muko munaona: hii ni programu ambayo imehama tangu siku ya kuzaliwa. Njo maana inatufaa kama mfano.

Sasa kwa nini programu haihami tu kama gunia la mihogo, unalipakia hapa na kulishusha kule? Ni hivi. Programu iko na sura mbili. Sura ya kwanza ni msimbo wa asili, yaani maandishi aliyoandika fundi, mtu anaweza kuyasoma. Sura ya pili ni ile iliyokwisha kujengwa, inayoongea moja kwa moja na mfumo wa mashine. Ile iliyojengwa kwa Windows, Linux haiwezi kuitumia hivi hivi. Lakini msimbo wa asili unaweza kubebwa popote, kisha unajengwa hapo hapo unapofika.

Na mifumo inatofautiana kwa mambo madogo yanayoumiza. Mfano wa kwanza: mwisho wa mstari. Linux inaweka alama moja isiyoonekana mwishoni mwa kila mstari. Windows inaweka mbili. Programu isiyojua hilo inaweza kuonyesha orodha ya watu mia kama mstari mmoja mrefu, majina yameshikana, na mweka hazina anadhani daftari limekufa. Halijakufa. Notepad ya Windows yenyewe ilianza kuelewa mistari ya Linux mwaka 2018 tu. Mfano wa pili: njia ya kufikia faili. Windows inatenganisha majina ya mafolda kwa mkwaju uliolala upande wa nyuma, Linux kwa mkwaju wa mbele. Wa tatu: kwa Linux, "Michango" na "michango" ni faili mbili tofauti, kwa Windows kwa kawaida ni moja. Wa nne: hata faili ya mapendeleo ya Vim, kwa Linux inaitwa .vimrc, kwa Windows kwa desturi inaitwa _vimrc. Bado hatujagusa kibao cha herufi na skrini, ambavyo kila mfumo unavisoma kwa namna yake.

Mtu anaweza kusema: basi tuandike programu mbili, moja ya huku na moja ya kule. Hapana. Ukiwa na mbili, kosa likirekebishwa huku linabaki kule, na baada ya mwaka mmoja zimekuwa wageni. Waliotengeneza Vim walifanya kwa akili. Ukifungua folda ya src utaona faili kama search.c, kazi yake ni kutafuta, na undo.c, kazi yake ni kurudisha ulichofuta. Kazi hizo ni moja kila mahali, basi msimbo ni mmoja. Halafu kuna os_unix.c, os_win32.c, os_amiga.c. Mule njo mumewekwa sehemu kubwa ya yale yanayotofautiana. Na pale ambapo tofauti ni ndogo sana, ndani ya faili za wote, kuna mstari unaosema: kama unajengwa kwa Unix soma hapa, kama ni Windows ruka, soma pale. Kiini hakiguswi. Kinachobadilika kinakaa mahali panapojulikana.

Hapa njo tunafika kwa kazi yenyewe. Kwa Linux, kabla ya kujenga, kuna amri inaitwa configure. Watu wengi wanafikiri configure inajenga. Haijengi kitu. Inauliza maswali. Inauliza mashine: uko na kikusanyaji cha lugha ya C? Uko na maktaba ya kuendesha skrini? Namba zako ni za ukubwa gani? Kila jibu inaandika kwa faili mbili, auto/config.h na auto/config.mk. Baada ya hapo, amri ya make inasoma majibu hayo na kujenga.

Kwa mashine yetu moja, configure ilisimama katikati na kusema haikupata maktaba ya skrini, ile inayoitwa ncurses. Mtu anaweza kukata tamaa hapo. Lakini huo ni msaada, si matusi. Imetuambia kitu kinachokosekana kabla hatujapoteza saa nzima. Kwa Debian na ndugu zake, kifurushi kinachotakiwa kinaitwa libncurses-dev. Tukakiweka, tukauliza tena, ikapita.

Halafu kuna yale sisi wenyewe tunaiambia configure. Tunaongeza --with-features=huge, tupate Vim kamili, sababu ile iliyokuja na mashine yetu ya zamani ilikuwa ndogo sana, imepunguzwa. Tunaongeza --prefix na jina la folda yetu, ili programu ikae ndani ya nyumba ya mtumiaji, isiguse mfumo wote. Kisha make, kisha make test, ambayo inajaribu programu kwa mamia ya majaribio kabla haijagusa jina la mwanachama hata mmoja. Mwisho make install. Ukitaka kuhakikisha, unaandika vim --version, unaona orodha: penye alama ya kujumlisha, kitu kimo, penye alama ya kutoa, hakimo.

Kwa Windows hakuna configure. Majibu mengi yamekwisha kuandikwa tayari ndani ya os_win32.h, sababu Windows moja na nyingine hazitofautiani sana kama mashine za Unix. Pale tunatumia MinGW, ambayo haiuzwi, na faili ya maagizo inaitwa Make_ming.mak. Tukiongeza GUI=no tunapata ile ya dirisha jeusi, inayofanana kabisa na ya Linux. Hivyo kijana akijifunza kwa mashine moja, amejifunza kwa zote tatu.

Sasa sikilizeni hili, hata kama mtasahau mengine yote. Configure ikimaliza inaweka akiba ya majibu, ili isiulize tena kila siku. Kwa mashine ileile, ni vizuri. Lakini ukibeba folda nzima kwa flashi kwenda mashine nyingine, umebeba pia majibu ya mashine ya kwanza. Programu itajengwa ikiamini kuna maktaba ambayo haiko. Itagoma, ao vibaya zaidi, itajengwa na kuanguka baadaye. Njo maana kuna amri make distclean: futa majibu ya kule, uulize upya hapa. Msimbo unabebwa. Majibu hayabebwi.

Sisi tuliorudi tunaelewa hilo kuliko mtu yeyote. Wangapi wamerudi na mpango mzuri wa biashara uliofaulu kule, wakauanzisha hapa wiki ya kwanza bila kuuliza bei ya soko, bila kuuliza nani sasa analima lile shamba? Ujuzi wako unakuja nao. Hali ya mahali unaiuliza upya.

Jambo lingine la kukumbuka: mlango usiotunzwa unafungwa. Vim ilikuwa inajengeka kwa MS-DOS miaka mingi. Ilipotoka Vim 8.0 mwaka 2016, MS-DOS na OS/2 zilikuwa zimekwisha kuondolewa. Mfumo wa mashine zetu nao utazeeka. Tukiwa na kijana mmoja tu anayejua, na kijana huyo akisafiri, mlango wetu umefungwa. Hata ule wa daftari.

Na wafadhili wetu, kuna kitu nataka mkijue juu ya programu hii. Haiuzwi. Lakini leseni yake inamwomba anayeitumia awasaidie watoto wa Uganda. Bram Moolenaar alifanya kazi ya kujitolea mwaka 1994 huko Kibaale, upande wa Rakai, kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Alikuwa fundi wa maji na usafi kwenye kituo cha watoto, eneo ambako UKIMWI ulikuwa umeacha yatima wengi. Aliporudi kwao alianzisha shirika la kuwasaidia, na anayefungua Vim bila faili anaweza kuona mstari unaomkumbusha watoto wale. Alifariki Agosti 2023. Wengine wameendelea na msimbo, na Vim 9.1 ya Januari 2024 imetolewa kwa kumkumbuka. Msaada wa mtu mmoja ulipita ndani ya maandishi yake ukafika mbali, sababu aliacha kazi ambayo wengine wanaweza kuifungua, kuisoma na kuijenga upya.

Basi ombi langu kwa mkutano ni mambo matatu. Kwanza, vijana wawili, msichana mmoja na mvulana mmoja, wakae na mimi miezi mitatu mpaka kila mmoja ajenge Vim kwa Linux na kwa Windows peke yake, mimi nimekaa pembeni. Pili, mashine ya nne, hata ya zamani, iwe ya majaribio tu, tusijaribu juu ya mashine yenye daftari. Tatu, daftari la karatasi, ndiyo, karatasi, ambamo tunaandika kila maneno tuliyoiambia configure, na tarehe, ili anayekuja nyuma yetu asianze gizani.

Ni vitu vidogo. Lakini siku mama mmoja atakuja kuuliza mchango wake wa miaka kumi, tumfungulie jina lake, mstari wake, franga zake zote.

Niko tayari kwa maswali.